Maji Yanakwenda Wapi?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa siku ya mkutano wa mwaka wa chama chetu)



Nimeombwa nizungumze juu ya safari za miguu katika milima yetu yenye mawe ya maumbo ya ajabu. Katibu aliponiandikia aliongeza kwamba nisizidishe nusu saa, kwa sababu baada yangu kuna mpira kati ya wazee na vijana. Nitajitahidi. Sisi watumishi wa serikali tunajulikana kwa kusoma hotuba ndefu watu wakiwa juani, lakini leo angalau tumo ndani ya bwalo.

Wengi wenu mmefika hapa kwa basi kutoka Lindi au Mtwara. Basi lilipopita Nyangao likafika Nanganga, penye njia panda ya kwenda Ruangwa, bila shaka mlikuwa mnatazama simu zenu. Mngetazama dirisha la kushoto mngeuona ukuta mrefu wa Uwanda wa Makonde, umenyooka juu kama meza, ukifuatana nanyi mpaka Ndanda. Kisha, kabla hamjauzoea, uwanda unabaki nyuma, nchi inakuwa tambarare, na katika tambarare hiyo yanachomoza majabali ya Masasi, moja hapa, moja pale, kama watu waliosimama wakasahau kukaa. Mtandi, Mkomaindo na wenzao. Katika mwendo wa basi usiotimiza hata saa 2 mmepita kutoka nchi ya namna moja kuingia nchi ya namna nyingine kabisa, na nauli ni ile ile.

Mwaka jana sisi 7, wote wa zamani wa shule hii, tuliamua kuipita njia hiyo kwa miguu. Tulianzia Nanganga, tukafuata chini ya ukuta mpaka Ndanda, tukapanda uwanda kwa upande wa Chiwata, kisha tukashuka kuja Masasi. Siku 4. Umri wetu ni kati ya miaka 41 na 49, na matumbo yetu ni ya watu wanaokaa ofisini. Aliyetuongoza alikuwa mzee mmoja Mmakua, ambaye tulimwita Mjomba, na yeye akatuita wapwa tangu saa ya kwanza, maana huku kwetu mwongozaji asipokuwa mjomba wako hana haki ya kukukaripia. Alitukaripia sana.

Mjomba hakusoma jiolojia. Mimi nilisoma jiografia pale Mlimani, na kazi yangu ni ya upimaji wa ardhi, kwa hiyo njiani nilijiona ndiye mtaalamu. Kila tulipofika mahali papya Mjomba aliuliza swali lile lile: "Mpwa, mvua ikinyesha hapa, maji yanakwenda wapi?" Basi nikaona kwamba swali hilo moja linafungua habari zote za mawe yetu, na ndilo nililokuja nalo leo.

Tuanze na majabali haya mnayoyaona dirishani. Jiwe lake ni naisi, jiwe la kale sana, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Lilipikwa kwa joto na kubanwa kwa uzito likiwa chini sana ya ardhi, mbali na jua. Nchi iliyolifunika ikamomonyoka pole pole, na palipokuwa na jiwe lenye nyufa nyingi maji yakaingia, yakalioza, likawa udongo, udongo ukachukuliwa. Palipokuwa na jiwe zima lisilo na nyufa, likabaki. Kwa hiyo mlima wa Mtandi haukuota kama uyoga. Ulibaki pale pale, nchi ndiyo iliyoshuka. Na jiwe hilo lilipoondolewa mzigo uliokuwa juu yake likapata nafasi ya kutanuka, likaanza kubambuka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu. Vile vibao vikubwa mnavyoviona vimeegemea ubavuni, vingine vina ukubwa wa darasa, ni maganda hayo. Yale mawe ya duara yaliyokaa juu ya kilele kama yai juu ya kichwa cha mtu yalikuwa mabamba yaliyopasuka, pembe zikaliwa kwanza na kiini kikabaki.

Vijana wapende kujua kwamba milima hii imeingia katika vitabu vya dunia nzima. Mjerumani mmoja, mtaalamu wa migodi aliyeitwa Wilhelm Bornhardt, alitembea katika nchi yetu kati ya mwaka 1895 na 1897, akapita kusini hii kwa miguu, wapagazi wakimbebea mizigo. Mwaka 1900 alitoa kitabu kikubwa juu ya sura ya nchi na mawe yake, na humo akaita milima ya namna hii Inselberg, maana yake mlima wa kisiwa, kwa sababu aliiona imesimama katika tambarare kama visiwa baharini. Leo mwanafunzi wa jiografia wa Brazil au Australia hutumia neno hilo. Na jabali la mviringo lisilo na nyufa, wanajiolojia wamelipa jina la Bornhardt mwenyewe. Wapagazi wake, ambao hapana shaka walikuwa na majina yao wenyewe kwa kila mlima, hawakuandikwa. Hayo ndiyo mambo ya vitabu.

Sasa, mvua ikinyesha juu ya Mtandi maji yanakwenda wapi? Hayaingii popote, bali yanateleza. Jiwe halinywi. Tazameni michirizi myeusi inayoshuka ubavuni. Ile si rangi ya jiwe, ni viumbe vidogo sana vinavyoishi pale maji yanapopita kila mwaka. Michirizi hiyo ni ramani ya maji, na kwa mpandaji ni onyo, kwani ikilowa inateleza kuliko sabuni. Mjomba alitukataza kuikanyaga hata ikiwa mikavu, "msije mkaizoea". Juu kabisa kuna vidimbwi vya duara vilivyochimbwa na maji yenyewe katika jiwe tupu, na pembeni mwake kuna mimea ambayo wakati wa kiangazi imekauka kama ufagio wa zamani, nawe ungeapa imekufa, lakini ikinyeshewa huwa kijani tena upesi. Pimbi nao wamejaa huko, wanakutazama kama wasimamizi wa mtihani. Na nyuki. Nasema tena, nyuki. Katika majabali haya anayehitaji kuogopwa kuliko nyoka ni nyuki waliojenga katika ufa wa genge, mahali ambapo mtu hana pa kukimbilia. Usipige kelele, usipake manukato, usiwashe moto chini ya genge.

Maji hayo yanayoteleza hufika chini kwa pamoja, kwa nguvu. Nusu saa ya mvua juu ya jiwe tupu ni kama paa kubwa la bati lisilo na mfereji. Chini ya mlima pana mkanda wa mchanga na mawe yaliyovunjika, na juu ya mkanda huo zamani palikuwa na miti mikubwa. Mkanda huo ndio unaoyapokea maji, unayapunguza mwendo, unayanywa, kisha unayatoa kidogo kidogo katika visima wakati wa kiangazi. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Miezi inayobaki watu wa chini ya milima wanakunywa kile ambacho mkanda umeweka akiba.

Sidhani kuwa ilikuwa bahati tu kwamba Askofu Edward Steere alipokuja mwaka 1876 na watu waliokombolewa kutoka utumwani, akitoka nao Unguja kuwapeleka bara, msafara ule uliishia Masasi chini ya milima hii, ingawa nia ya awali ilikuwa kwenda mbele zaidi. Palikuwa na udongo na palikuwa na maji. Mwaka 1882 Wamagwangwara walivamia kijiji kile, watu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka, na kituo kikahamishiwa kwa muda Newala, juu ya uwanda. Nataja habari hii kwa sababu inatuonyesha shida ya wazee wetu. Chini kulikuwa na maji na hatari, na juu kulikuwa na usalama na kiu.

Maana juu ya uwanda mambo ni kinyume. Siku ya pili tulipanda. Njia ya kupanda ni ya mchanga mwekundu, unapiga hatua 2 na kurudi 1, na mwenzetu mmoja ambaye ni mhasibu alianza kuhesabu hatua kwa sauti mpaka tukamwomba anyamaze. Tulipofika juu tulikuta mikorosho na vichaka, udongo wa kichanga usio na jiwe hata la kumrushia kunguru. Ni mchanga na mawe ya mchanga yaliyotandazwa yapata miaka milioni 100 iliyopita, zama ambazo mijusi wakubwa walikuwa bado duniani. Wazee wao ndio waliofukuliwa Tendaguru, kule Lindi, na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, na mmoja wao amesimamishwa Berlin, urefu wake zaidi ya mita 13. (Tukipata nafasi ya kuomba arudi, nitajiandikisha wa kwanza.)

Mjomba akauliza swali lake. Nikatafuta mto kwa macho, hakuna. Nikatafuta hata korongo lenye tope, hakuna. Mvua inanyesha juu ya uwanda kama inavyonyesha Masasi, pengine na zaidi, lakini mchanga unaimeza yote. Maji yanazama chini, chini sana, mpaka yakutane na tabaka lisilopenyeka, kisha yanatembea gizani na kutokea pembeni, chini ya ukuta. Ndiyo maana Ndanda kuna maji mengi. Ndiyo maana chemchemi za Mbwinji zinaweza kuhudumia miji ya Masasi na Nachingwea. Maji tunayokunywa bondeni ni mvua iliyonyesha juu ya vichwa vya Wamakonde, nao wenyewe wakaiona inapotea.

Wamakonde walikaa huko makusudi. Vichaka vya uwanda vilikuwa ngome dhidi ya washika watumwa na wavamizi, na nani angewafuata mahali pasipo na maji? Gharama yake ililipwa na wanawake, kwa kushuka ukuta na kupanda tena na mtungi kichwani. Katika miaka ya 1950 ulianza mradi wa kupandisha maji kwa mashine kutoka mabondeni, na baadhi yenu hapa, watoto wa Newala na Tandahimba, mmekunywa maji hayo. Lakini mashine ikisimama, ndoo hurudi kichwani siku ile ile.

Mkifika Newala nendeni mkaone Shimo la Mungu, pale ambapo uwanda unakatika ghafla na nchi yote ya bonde la Ruvuma inaonekana chini mpaka Msumbiji. Watu wanakwenda kupiga picha. Mimi ningependa kijana mmoja ashuke kidogo na kutazama jinsi mchanga unavyobomoka, mvua kwa mvua, kutoka chini kwenda juu. Ukingo ule unatembea. Unarudi nyuma kuelekea nyumba za watu, na kila mti unaokatwa ukingoni unauongezea mwendo.

Nilisema nitazungumza juu ya mawe, na hapana budi nitaje nchi ya tatu, ingawa iko mbali kidogo. Kazi iliwahi kunipeleka Kipatimu, katika milima ya Umatumbi, wilaya ya Kilwa. Huko jiwe ni la chokaa. Naisi ni jiwe lisilonywa maji, mchanga unayapitisha tu, lakini chokaa inaliwa nayo. Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni kutoka angani na katika udongo, yakawa na ukali kidogo, na ukali huo huyeyusha chokaa kwa maelfu ya miaka. Ufa unakuwa mlango, mlango unakuwa ukumbi. Nchi ya namna hii wataalamu huiita karsti, kwa jina la sehemu moja huko Slovenia. Mapango ya Amboni karibu na Tanga ni ya namna hiyo, na pia yale mawe ya Bemaraha kule Bukini, yaliyochongoka kama visu maelfu kwa maelfu. Umatumbi mapango ni makubwa sana. Niliingia katika moja nikiwa na vijana wa kijiji na tochi 2, popo wakitupepea masikioni, na hatua chache kutoka mlangoni nikaacha kujua juu ni wapi. Wenyeji husimulia kwamba watu walijificha katika mapango hayo wakati wa Majimaji, vita vilivyoanzia huko huko Umatumbi, Nandete, Julai 1905, kwa kung'oa pamba. Mwezi uliofuata moto wa vita ulifika mpaka kwetu, Nyangao na Masasi.

Kwa hiyo, vijana, mkiulizwa katika mtihani kwa nini Masasi kuna majabali, Newala kuna meza na Umatumbi kuna mapango, msikariri majina. Fuateni tone la mvua.

Sasa niseme jambo lililonifanya nikubali kuja. Siku ya nne tulipofika chini ya mlima, upande ambao sisi wakati wetu tulikuwa tukichota maji, tulikuta akina mama wanavunja kokoto. Wanachoma magogo juu ya jiwe mpaka lipate moto sana, jiwe linapasuka, kisha wanaligonga kwa nyundo mpaka liwe la ukubwa wa kidole gumba. Wanauza kwa ndoo, na mwenye lori ananunua tripu nzima. Nilimwamkia mama mmoja, nikamuuliza kama kazi hii haimwumizi. Akanitazama viatu vyangu kwanza. Akasema, "Mwanangu, korosho ina msimu. Jiwe halina msimu." Akaniambia ana mtoto kidato cha pili. Sikumuuliza shule gani.

Wapo watakaosema kazi hiyo ipigwe marufuku. Nimekaa ofisini miaka 19 na nimeona marufuku nyingi. Karatasi inabandikwa kwenye mti, na mwezi unaofuata mti wenyewe umechomwa juu ya jiwe. Nami sioni sababu ya kumnyima mama yule riziki ili mimi nije mara moja kwa mwaka nifurahie mandhari. Mlima wenyewe hautakwisha kwa nyundo zao. Hatari ninayoiona mimi iko kwenye magogo, kwa sababu yanatoka katika ule mkanda wa chini, ambao ndio ghala la maji. Ukiondoa miti, maji yanayoteleza kutoka juu hayapati wa kuyashika. Yanapita na udongo, yanaingia mashambani na majumbani wakati wa masika, na kiangazi hakuna kilichobaki. Kisima chetu cha zamani, ambacho sisi tulikichota mpaka Oktoba bila kufikiri, Mjomba anasema siku hizi Agosti watu wanasubiri zamu usiku.

Yapo mawe mengi yaliyolala tambarare, mbali na njia za maji, ambayo yanaweza kuvunjwa bila kugusa mkanda. Serikali ya kijiji inaweza kuwaonyesha akina mama sehemu hizo na kuwatengea, na chama chetu kikawanunulia patasi na nyundo nzito ili moto upungue. Nimeshazungumza na wawili kati yao, na swali lao lilikuwa moja tu, lori litafika huko? Ni swali la haki. Mwaka huu chama kina fedha zilizokusudiwa kuchonga geti jipya lenye nembo. Ndugu Mwenyekiti, najua geti hilo limeshachorwa, na mchoro ni mzuri. Mimi naomba mkutano wa jioni ufikirie kama fedha hizo hazingefaa zaidi kutengeneza kipande hicho cha njia. Geti la sasa linafunguka na kufungika.

Na kwenu wanafunzi nina ombi la kazi. Chukueni mti mnyoofu, utieni alama kila sentimita 5, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mwende kisimani mpime kina cha maji, mwandike katika daftari moja litakalokaa kwa mwalimu wa jiografia. Wekeni na chombo cha kupimia mvua, hata chupa iliyokatwa inatosha ikiwa ni ile ile kila mara. Anayehitimu amkabidhi anayebaki. Baada ya miaka 5 mtakuwa na kitu ambacho ofisi yoyote ya serikali itabidi ikisome, kwa sababu sisi ofisini tunaheshimu tarakimu zenye tarehe.

Matembezi ya kesho yako kama yalivyotangazwa. Tutakutana mbele ya bwalo saa 11 alfajiri, ili tuwe tumeshuka kabla jiwe halijapata moto. Kila mtu na maji yake lita 2, viatu vyenye soli isiyoteleza, na kofia. Wenye umri zaidi ya miaka 60 wataishia kisimani pamoja na Mkuu wa Shule, ambaye ameniomba niseme kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya kuwasindikiza. Mjomba atatangulia, na mwenye manukato abaki bwenini.